Murara: Kuku wa kizungu nao wana haki ya kulala

Katika mtaa wa Murara, tarafani Karisimbi mjini Goma, kuna parseli ambamo banda la kuku ndilo la kwanza kuwashiwa taa jioni na la mwisho kuzimwa. Siku umeme ukiwepo, ampuli inawaka juu ya kuku mpaka asubuhi. Wenye kuku wana sababu mbili. Ya kwanza, mwizi anaogopa mwanga. Ya pili, kuku akiona mwanga atakula usiku kucha, na akila sana atataga sana.

Sababu ya kwanza inaeleweka. Goma ya leo si mji wa kumcheka mtu anayeogopa usiku. Lakini ya pili si kweli, na inawala pesa akina mama waliotegemea mayai kulipa minervali ya watoto.

Kuku wa kutaga, hasa wale wa kizungu, anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku ili atage vizuri. Goma iko karibu sana na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua linatoa karibu saa 12 tu, Januari kama Julai. Pengo ni saa mbili hadi nne, basi. Hakuna anayedai saa 24. Kuku asiyepata giza hapumziki, anakuwa na wasiwasi, anaanza kudonoa wenzake manyoya mpaka damu itoke, na wakishaona damu hawaachi. Mama anaamka anakuta kuku mmoja amekufa, analaumu ugonjwa, anakwenda kununua dawa. Ugonjwa wenyewe unawaka juu ya kichwa chake.

Tena kuku ni mtu wa saa. Leo umeme upo mpaka asubuhi, kesho umekatika saa moja ya jioni, keshokutwa umerudi usiku wa manane: kwa kuku hayo ni majira matatu tofauti ndani ya siku tatu. Mwili wake unahesabu urefu wa mchana, na mchana ukifupishwa ghafla, mayai yanapungua, wengine wanaanza kupukutisha manyoya na kuacha kutaga kwa majuma mengi. Ndiyo maana ampuli ya umeme usiotabirika inaweza kuwa mbaya kuliko kukosa ampuli kabisa. Anayeweza kununua taa ndogo ya jua yenye betri, hiyo ndiyo ya kutegemea. Asiyeweza, aache kuku wake na mwanga wa Mungu. Watataga kidogo, lakini watataga kwa utaratibu.

Na taa hiyo iwashwe asubuhi, si jioni. Hapa wengi hawakubali, lakini sababu ni ya kawaida. Jioni jua linazama polepole, kuku anapata muda wa kupanda kwenye mti wake wa kulalia. Taa ikizimwa ghafla saa tatu ya usiku, kuku wanabaki chini gizani, hawaoni mbele wala nyuma, wanalundikana kwenye kona na wa chini wanakosa pumzi. Taa ikiwaka saa kumi ya usiku mpaka kupambazuke saa kumi na mbili, siku imekwisha kuwa ya saa 14 na hakuna aliyeshtuka. Haihitaji mwanga mkali. Ukitosha kumwonyesha mtu maandishi ya gazeti ndani ya banda, unatosha.

Kuhusu mwizi, taa ya ulinzi iwekwe nje, ielekee lango na njia, si macho ya kuku. Jirani naye ataona nani anaruka ukuta, jambo ambalo ampuli ya ndani ya banda haimsaidii kuona.

Sasa chakula. Kuku haoni gizani, na asipoona hali. Chakula kinachobaki chini usiku si cha kuku, ni cha panya. Murara, kama sehemu kubwa ya Goma, imejengwa juu ya mawe ya volkano na nyumba nyingi ni za mbao. Panya ana mashimo ya bure kila mahali. Akizoea kula bandani hataishia kwenye unga: anakula mayai, anaua vifaranga, anakojoa ndani ya chakula na kuacha magonjwa. Na kila barabara ya Masisi au Rutshuru ikifungwa kwa ajili ya vita, bei ya mahindi inapanda. Kumlisha panya kwa bei hiyo ni anasa ambayo hata tajiri hawezi.

Chakula cha maana ni kile cha saa kumi ya jioni. Hicho kisikosekane. Yai linachukua karibu saa 20 kutengeneza ganda lake, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika usiku kuku akiwa amelala. Madini ya ganda yanatoka kwenye kile alichokula jioni. Asipokuwa nayo tumboni anayatoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Ndipo yanapokuja mayai yenye ganda laini, na baadaye kuku asiyeweza kusimama. Maganda ya mayai yaliyokaushwa vizuri motoni na kusagwa, yakichanganywa na chakula cha jioni, yanasaidia sana. Hayanunuliwi. Yanatupwa kila siku kwenye migahawa na kwa wauza chapati.

Maji ndiyo yanayosahaulika zaidi, labda kwa sababu mjini hapa maji ni tabu ya watu kwanza. Goma iko kando ya Ziwa Kivu, lakini watoto wanabeba bidoni tangu alfajiri. Hesabu lakini si kubwa: kuku mmoja wa kutaga anakunywa karibu robo lita kwa siku. Kuku 20 wanahitaji lita 5, yaani robo ya bidoni moja, na karibu kilo 2 na nusu za chakula. Karibu robo tatu ya yai ni maji. Asiyekunywa hawezi kulitengeneza. Kuku akiamka saa kumi na taa akakuta chombo kikavu, ile taa imewashwa bure. Maji yawekwe jioni, mahali pa juu kidogo ili yasichafuke, na chombo kioshwe kila siku.

Watu wa Murara wanajua jinsi mambo yanavyoweza kugeuka. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, mtaa huu ulikuwa kati ya 10 iliyoamriwa kuhama. Anayekimbia na watoto na godoro hana mkono wa kubeba kuku. Mwisho wa Januari 2025, wakati M23 inaingia mjini, umeme na maji ya robine vilikatika kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na bidoni moja ya akiba alikuwa na maji ya kuku 20 kwa siku nne. Aliyekuwa na ampuli tu, hakuwa na kitu.

Kwa vifaranga mambo ni tofauti. Wale wasio na mama wanahitaji mwanga na joto usiku, karibu nyuzi 32 hadi 35 juma la kwanza, kisha joto linapunguzwa polepole. Usiku wa Goma, mita 1,500 juu ya bahari, ni wa baridi, na wengi wanatumia mbabula ya makala. Hapo pasifanyike mchezo. Mji huu unajua mazuku, ile hewa ya ardhini inayoua mbuzi na watu bila harufu. Hewa ya makala kwenye chumba kilichofungwa si mazuku, lakini nayo haina harufu na inaua vilevile, vifaranga pamoja na mtoto anayelala nao chumba kimoja. Mbabula isikae bila tundu la hewa juu ya ukuta, na isilale na watu.

Wauzaji wa kuku wanaosema "acha taa usiku kucha" wangeulizwa kwanza wao wenyewe wanafanya nini kwao. Mnunuzi ana njia yake ya kupima. Saa moja ya jioni, kuku wakishapanda, aingie polepole bila tochi, apitishe vidole kwenye kile kifuko cha chini ya shingo. Kikiwa kimejaa, afunge mlango akalale. Kikiwa kitupu, tatizo lilikuwa saa kumi ya jioni, na litarekebishwa kesho saa hiyohiyo.