Dola 11 kwa mkate? Ndiyo, lipeni!

Najua mlitegemea niendelee na stori za mitihani, lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumamosi, na nisipolisema leo halitashuka. Linahusu mkate. Msicheke.

Kwa walio mbali na Houston, kisa kwa kifupi ni hiki. Kwenye jumba moja la maduka huku magharibi mwa mji kuna kamgahawa kapya ka sandwichi za Kivietnam, zile zinazoitwa bánh mì. Hakuna makuu: unapanga foleni kaunta, unachagua, unalipa, unasubiri namba yako iitwe, halafu unatafuta kiti kati ya duka la viatu na duka la simu. Tulikwenda watu sita, wote Waswahili wa hapa chuoni: Wabongo wanne, mshikaji wa Bukavu na dada mmoja wa Mombasa. Mimi niliagiza ya kuku wa mchaichai, nikawaomba wasiweke ile pate ya maini, maana mara nyingi huwa ya nguruwe na sisi wengine wa Tanga mnatujua. Dola 11 na senti 50, kodi bado.

Msosi wenyewe ni bomba, niseme wazi. Mkate una ganda jembamba linalovunjika ukiligusa kwa jino, ndani mwepesi kama pamba. Humo wamepanga kuku, karoti na figili nyeupe zilizolowekwa kwenye siki na sukari, tango, kotimiri mbichi pamoja na vijiti vyake, pilipili mbichi na mayonezi kidogo. Ukiuma unapata chumvi, uchachu, utamu na ukali kwa mpigo, na kila kimoja unakisikia peke yake. Mtu aliyekulia kwenye achari na mbilimbi hawezi kudanganya kwamba hiki ni chakula cha ajabu. Wote sita tulimaliza, hata makombo tukayaokota.

Shida ilikuja baada ya kushiba. Midomo ikafunguka: "Wizi mtupu! Mkate na majani dola 11?" "Kule Bellaire unapata kwa nusu ya hiyo!" "Halafu hata si chakula chao, wamewaiga Wafaransa tu!" Meza nzima ikaitikia kama kwaya. Nilibishana nao palepale wakanizomea. Basi leo nabishana nao hapa, ambapo hawawezi kunikatisha.

Tuanze na hilo la kuiga. Ni kweli mkate ulifika Vietnam na Wafaransa. Waliishambulia Đà Nẵng mwaka 1858, wakaiteka Saigon mwaka 1859, wakaitawala nchi mpaka walipochapwa Điện Biên Phủ mwaka 1954. Mwanzoni wenyeji waliuita mkate huo bánh tây, yaani mkate wa watu wa magharibi, kama sisi tunavyosema viazi ulaya. Baadaye wakaitupa hiyo "magharibi" wakabaki na bánh mì, mkate wa ngano, basi. Mwaka huohuo wa 1954 nchi ikagawanywa, na mamia ya maelfu ya watu wakahama kutoka kaskazini kwenda kusini. Mume na mke waliotoka huko kaskazini wakafungua Saigon, mwaka 1958, duka linaloitwa Hòa Mã, linalotajwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kuuza sandwichi hii kama tunavyoijua leo. Kwa mtindo wa Kifaransa, mkate, nyama na pate vinakaa mbalimbali kwenye sahani, na mtu anakaa kitako kula. Wao wakavitia vyote ndani ya mkate ili mtu achukue aende zake kazini. Saigon ilipoanguka tarehe 30 Aprili 1975, wakimbizi wakaondoka na ujuzi huo, na Houston ikawa mmoja wa miji walikojazana. Mwaka 2011 neno lenyewe likaingia kwenye kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford. Sasa nionyesheni Mfaransa aliyeyafanya hayo.

Na nani anayewacheka kwa kuiga? Mla ugali! Mahindi yametoka Amerika, muhogo nao vilevile. Chapati ilikuja na Wahindi. Hata neno "meza" uliloligonga ukilalamikia bei ni la Mreno. Mbona hatumwambii mama kwamba chapati zake si zake? Chakula ni cha aliyekihangaikia mpaka kikawa na ladha ya kwake. Tukikubali hilo kwa chapati, tulikubali na kwa bánh mì.

Twende kwenye bei, maana hapo ndipo penye ugomvi. Ni kweli, ukipanda basi mpaka Bellaire Boulevard utapata bánh mì kwa bei ya chini zaidi, na nzuri tu. Mimi mwenyewe naenda. Lakini ndani ya lile jumba, hatua kumi kutoka kaunta yetu, kulikuwa na baga ya dola 13, chipsi mbali. Kuna aliyesema wizi? Kuna aliyesema "baga hii huko mtaani ni nusu"? Wawili kati yenu kila asubuhi mnanunua kahawa yenye povu kwa dola 6, na kile kioo cha kulipia kikiuliza bakshishi asilimia 18 mnabonyeza bila kupepesa macho. Kodi ya pango ya jumba la maduka inamwumiza muuza baga na muuza bánh mì sawasawa. Sasa kwa nini mmoja ni mfanyabiashara na mwingine mwizi?

Nitawaambia kwa nini. Hamkuangalia mkate, mliangalia aliyeupika. Kichwani tumeshajiwekea kwamba chakula cha Mzungu kina bei, na chakula cha mhamiaji kina urahisi. Mvietnam, Mmeksiko, Mhindi, Mwafrika: akipika vizuri tunamsifu, akidai hela tunashtuka, kana kwamba urahisi ni kiungo kimojawapo cha mapishi yake, kama chumvi.

Lakini urahisi nao una mlipaji wake. Figili haijikati yenyewe vijiti vyembamba. Mkate wa ganda lile lazima uwe wa siku hiyohiyo, ukilala unakuwa kama mpira, maana yake kuna mtu kaamka alfajiri. Mara nyingi kwenye viduka vya familia baba yuko jikoni, mama kaunta, na mtoto akitoka shule anavaa aproni. Ukihesabu saa zao zote kwa malipo ya saa, ile bei ya chini inapotea palepale. Na nyie ni wabeba boksi, saa mnazijua! Mwajiri akikukata nusu saa kwenye zamu yako, wiki nzima hatulali fletini kwa makelele. Saa za mama wa Kivietnam zikikatwa ili wewe ule kwa dola 5, unasema hapo ndipo penye chakula "cha kweli".

Mtasema sisi ni wanafunzi, hela hatuna. Sawa kabisa, na mimi hali yangu mnaijua. Lakini "sina" na "haistahili" ni maneno mawili tofauti. "Sina" ni habari ya mfuko wako. "Haistahili" ni hukumu juu ya kazi ya mwenzako. Siku huna, pika maharage nyumbani, wala hakuna atakayekucheka. Usile mpaka makombo halafu ukamwita mpishi mwizi.

Mnajiuliza kwa nini nalishupalia hivi? Kwa sababu Alhamisi tuna kikao cha bajeti ya usiku wa Kiswahili, na ugonjwa ni uleule, ila safari hii anayeumia ni mama yetu. Hesabu hizi wote mnazijua, lakini hatujawahi kuziweka pamoja. Kwenye hafla ya kuwakaribisha wapya tulilisha watu 100 piza. Dola 900, tukalipa siku hiyohiyo, na bakshishi juu. Usiku wa Kiswahili uliopita, watu walewale 100, akina mama wawili, mmoja wa Uvira na mmoja wa Morogoro, walitupikia pilau, chapati, sambusa na kachumbari. Tuliwapa dola 300, tena baada ya wiki tatu, na viungo walinunua wenyewe. Dola 3 kwa sahani, humo ndani kuna nyama, mchele, iliki, mafuta na usiku mbili za kukunja sambusa.

Na tulizipataje hizo dola 300? Kwa kusema, "Mama, tupunguzie, sisi watoto wako." Nilipinga siku ile, nikaambiwa naleta Uzungu. Jamani, shikamoo haijazi sufuria! Tukimwita mtu mama, tuna deni kubwa zaidi kwake, si dogo. Mwenye piza hatumjui hata jina tukamlipa yote. Anayetuita wanangu tukamlipa theluthi.

Halafu usiku ule wageni wa chuo kizima wanakuja, wanalamba vidole, wanauliza chakula hiki kinagharimu kiasi gani. Sisi ndio tunaotaja bei. Tukishawaambia kwamba pilau ni ya dola 3, nani mwingine atawaambia vinginevyo? Miaka 10 ijayo binti wa yule mama wa Uvira akifungua kaunta yake kwenye jumba la maduka, kuna watoto wa chuo watakaa, watakula wamalize, na watasema wizi mtupu. Watakuwa wamejifunza kwetu.

Kwa hiyo Alhamisi napeleka hoja tatu. Moja, sahani ya akina mama ilipwe sawa na ya piza, dola 9. Mbili, viungo vinunuliwe na chama, visitoke mfukoni mwao. Tatu, hela watolewe kabla hawajawasha jiko. Hela isipotosha, tupunguze mapambo, tupunguze ukumbi, hata muziki tupige wa simu. Posho ya mpishi isiguswe.

Mwenye hoja ya kupinga aje nayo Alhamisi saa 12 jioni, aje na hesabu mkononi. Vicheko nimeshavizoea. Nawasilisha.