PSI 18 ya Mombasa si PSI 18 ya Nakuru

Nimepotea kidogo, na leo naandika kiwiko kikiwa kimechubuka. Jumamosi mchana nilianguka kwenye murram ya Kiamunyi, nikiwa juu ya ule ubao wangu wa umeme wa gurudumu moja. Kosa ni langu, tena la hesabu.

Waendeshaji wengi wana kanuni rahisi: chukua uzito wako kwa pauni, gawanya kwa 10, hiyo ndiyo PSI ya kuanzia. Mimi nina kilo 82, yaani pauni 180 hivi, kwa hiyo 18. Nilijaza upepo huo nikiwa likizoni Mombasa, nikateleza Nyali raha mstarehe, kisha nikarudi nyumbani bila kugusa tairi.

Kumbe geji haipimi upepo wote ulio ndani. Inapima tofauti ya ndani na nje. Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na hewa ya nje huku inakandamiza pungufu kwa karibu PSI 3. Tairi lile lile, joto lile lile, sasa linasoma 21! Asubuhi hugundui, maana kila nyuzi 10 za baridi hushusha kama PSI 1. Subiri saa saba mchana, barabara ikichemka, ndipo utaona. (Watu wa programu mnaujua ugonjwa huu: kwangu ilifanya kazi, kwa mteja imelala.)

Tairi gumu halimezi kokoto, linakurusha. Sasa natumia 15, napima hapa hapa, asubuhi, kabla ya kupanda. Msishuke mno lakini: rimu itagonga shimo na betri itaisha upesi. Na nunua geji yako mwenyewe. Ile ya kituo cha mafuta ilinisomea 18 wakati yangu inasema 14, na kwa tairi dogo hivi hiyo ni tofauti kubwa.

Wala upepo hautibu kila kitu. Septemba 2023 mbao zote za Onewheel, kama 300,000, zilitangaziwa marekebisho huko Marekani baada ya vifo vya watu 4, kwa kuwa zinaweza kuacha kumsawazisha mtu akizisukuma kupita uwezo wake. Hapo hata PSI sahihi haikuokoi, vaa helmeti.

Fundi wa pancha aliponiona aliniuliza tairi la pili nimeliacha wapi. Nikamwambia Mombasa.