Pumzi Baada ya Damu

Mkazi wa Ushongo ambaye mwanawe ameishiwa damu kwa malaria hana njia fupi ya kuifikia damu nyingine. Hupita barabara ya mchanga kati ya minazi hadi Bweni, akauvuka Mto Pangani, na ikiwa ng'ambo haikupatikana damu ya kundi linalotakiwa, basi safari huendelea hadi Muheza au hospitali ya Bombo, Tanga, mtoto akiwa kifuani pa mamaye, viganja vimempauka na pua zikipanuka kwa kila pumzi. Baada ya mashaka hayo yote, mfuko mwekundu unapotundikwa juu ya kitanda, jamaa hukaa kitako na kusema Alhamdulillahi, kwa kuwa katika fikira za wengi wetu damu ikishapatikana kazi imekwisha. Nasema kazi haijaisha, na saa zinazofuata zastahili uangalizi mkubwa kuliko ule tunaoukuta katika wadi zetu nyingi.

Tangu mwaka 2004, ulipoanzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, nchi yetu imefanya jambo la kushukuriwa: damu inayochangwa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende, na watu wengi wanaotembea leo kwa siha njema wasingalikuwa hai lau si kazi hiyo. Lakini neno lenyewe, damu salama, limetuzoeza kuutafuta usalama ndani ya mfuko peke yake. Damu isiyo na uele wowote, ya kundi lililo sawasawa, yaweza kumdhuru aliyepewa, hata kumwua, kwa kuyajaza maji mapafu yake. Na madhara haya hayapimwi maabara, huonekana kitandani tu.

Wataalamu hutaja njia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya mafuriko. Moyo wa mtu aliyeishiwa damu kwa majuma mengi umekuwa ukidunda mbio ili kuisambaza damu kidogo iliyobaki, nao umechoka. Ukiutwisha ghafla mzigo wa damu nyingi hushindwa kuusukuma, na maji hurudi nyuma yakaingia mapafuni. Aghalabu hutokea ndani ya saa 12, pamoja na kupanda kwa shinikizo la damu, na walio hatarini zaidi ni watoto wachanga, wazee, na wenye maradhi ya moyo au ya figo. Njia ya pili ni ya siri zaidi. Katika damu ya mchangiaji huweza kuwamo kingamwili ambazo, zikikutana na chembe nyeupe za mgonjwa, huziamsha zikashambulia kuta za mishipa midogo ya mapafu, kuta zikavuja. Hili hutokea ndani ya saa 6, mara nyingi pamoja na homa na kushuka kwa shinikizo, na tabibu akidhani ni mafuriko akampa dawa ya kukojosha aweza kuzidisha taabu. Madaktari Popovsky na Moore wa Mayo Clinic, Marekani, ndio waliolieleza na kulipa jina katika miaka ya 1980.

Uingereza, kuanzia mwaka 2003, iliona heri kutumia maji ya damu, yaani plazima, kutoka kwa wanaume, kwa sababu kingamwili hizo hupatikana zaidi kwa wanawake waliokwisha kubeba mimba, na maafa ya namna ile yakapungua sana. Je, nasi tuwakatae mama zetu wanapokuja kuchangia? Hapana, na sioni haya kulisema hili kwa nguvu. Nchi yenye akiba ya kutosha yaweza kuchagua; mgonjwa wa Pangani hana anasa hiyo, na kumfukuza mwanamke aliyekuja kwa hiari kuchangia ni kumwondoshea mgonjwa damu ya hakika kwa kuogopa dhara lililo nadra. Tuwaige Waingereza katika jambo jingine, nalo nitalieleza.

Hatari iliyo karibu nasi ni ya mafuriko, na dawa yake ni hesabu. Mtoto wa kilo 10, akikadiriwa mililita 20 za damu nzima kwa kila kilo, huhitaji mililita 200. Zikipita kwa muda wa saa 4 ni mililita 50 kwa saa, na kwa mrija unaotoa matone 20 katika kila mililita, ni matone 16 au 17 kwa dakika. Tazama jambo hili lilivyo dogo: tone moja, kisha kimya cha nukta tatu na nusu hivi, kisha tone jingine. Kadiri yote hiyo inashikwa na kigurudumu kimoja cha plastiki, ambacho mama akimgeuza mtoto ili amnyonyeshe, au mtoto akiuvuta mrija, huweza kusogea kidogo, na matone yakageuka uzi usiokatika.

Niliwahi kukesha kando ya kitanda cha mtoto wa jamaa yangu katika hospitali nisiyoitaja, ambamo mwuguzi mmoja alikuwa na wadi nzima usiku kucha. Mfuko ulitundikwa mwanzo wa usiku. Haikupita saa moja, na bibi wa mtoto, ambaye hakuwa na elimu ya tiba ila amelea wajukuu wengi, akainua kichwa na kumwita mwuguzi: "Mwanangu, hebu njoo umwone huyu, pumzi zake sizo." Mtoto alikuwa anaguna kila akitoa pumzi, na mbavu zinaingia ndani, mfuko ulikuwa umebaki robo. Mwuguzi aliufunga mrija, akamketisha mtoto, akaleta oksijeni na sindano ya furosemaidi, ile dawa ya kukojosha, na alfajiri mtoto akaomba uji. Asubuhi nililisoma faili lake. Uzito haukuandikwa, matone hayakuandikwa, hata ile taabu ya usiku haikuandikwa, yalikuwapo maneno mawili tu, "amepewa damu."

Lau bibi yule angalikuwa amelala!

Utafiti wa karibu nasi watuonya juu ya haraka. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu, katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa Hospitali Teule ya Muheza, jirani yetu. Miongoni mwa waliotiliwa maji ya dripu kwa kasi, vifo ndani ya saa 48 vilikaribia 10.5 katika mia. Kwa wasioharakishiwa vilikuwa 7.3. Yale yalikuwa maji, hayakuwa damu, na uchambuzi uliofuata ulilaumu kuanguka kwa mzunguko zaidi kuliko mapafu, kwa hiyo naulinganisha kwa hadhari. Mwaka 2019 ukafuata uchunguzi wa damu yenyewe, kwa watoto 3,196 wa Uganda na Malawi: wasio na homa walifaidika kwa kupewa mililita 30 kwa kilo kuliko 20, ilhali wenye homa walidhurika kwa kiasi kile kile kilichowaokoa wenzao. Basi hata kipimajoto cha kwapani kina neno katika kiasi cha damu, na agizo la "mfuko mmoja" bila ya kumpima mtoto uzito na joto halina insafu.

Najua watakaosema wauguzi ni wachache, na mtu mmoja hawezi kuketi kila kitanda. Ni kweli, na serikali yadaiwa wauguzi zaidi. Hata hivyo kuhesabu pumzi kwa dakika moja kabla ya damu, tena baada ya dakika 15, kisha kila nusu saa, hakutaki mashine, na jamaa aliyefundishwa dalili huwa jicho la pili la mwuguzi. Wengine wataogopa kwamba habari hizi zitawatisha watu wakaikataa damu. Mtoto anayetweta kwa kuishiwa damu aipate upesi, na hilo halina ikhtilafu. Ila kuipata upesi na kuimimina upesi ni mambo mawili mbali.

Jambo la kuwaiga Waingereza ni daftari. Tangu mwaka 1996 wao hukusanya habari za madhara ya damu bila ya kutafuta wa kuadhibu, na ndivyo walivyotambua kwamba mafuriko haya ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vitokanavyo na damu. Kwetu mtoto akifa usiku ule, ni wepesi kuandika malaria, na hakuna atakayejua vinginevyo. Karatasi moja kwa kila mfuko, yenye uzito, saa, matone na pumzi, ingetosha kuanzia, na waganga wakuu wa wilaya waweza kuiagiza bila ya kungoja sheria mpya.

Nawe msomaji, siku utakapokaa kando ya mfuko huo, uliza unakusudiwa kwisha saa ngapi. Mgonjwa akianza kukohoa, kuguna, kutweta kuliko alivyokuja, au kukataa kulala chali, usingoje zamu ibadilike wala usione haya: mwite mwuguzi papo hapo, na damu isimamishwe.