Springi Mbili Hazimfanyi Mtu Bingwa

Wahenga walituambia tusione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ilisemwa juu ya vyombo vya baharini, lakini leo naomba kuitumia juu ya baiskeli, hasa ile yenye springi mbele na nyuma, ambayo vijana wengi wanaiota usiku na mchana.

Huku kwetu milima ya Taita, baiskeli ni ya kuteremkia. Kupanda unaisukuma tu. Ndiyo maana kila Desemba vijana wa kijijini kwetu hushindana kuteremka kutoka juu mlimani hadi kijitoni, kwa njia yenye mawe, mizizi na kona za kutisha. Desemba iliyopita kaka yangu alijitosa na baiskeli mpya ya springi mbili aliyoinunua mjini kwa shilingi 19,000. Aliyemuuzia alimwambia, "Hii ni ya mashindano kabisa, hapana wasiwasi." Lo! Kwenye jiwe la tatu springi ya nyuma ilimrusha kama anayerushwa na punda. Alivunjika mfupa wa mtulinga, na fremu ikapata ufa mahali ilipochomelewa. Mama alilia sana. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa kaka amepona. Amekuwa akisafirisha mboga kwa pikipiki ya watu, na akaweka akiba ya shilingi 65,000. Akasema safari hii atanunua baiskeli halisi ya kuteremkia, ya mitumba, kutoka Mombasa. Nikamwambia, "Kaka, twende wote nikaiangalie." Akacheka. "Wewe msichana, mambo ya baiskeli unayajulia wapi?" Nilimjibu kwamba mwaka 2016 Rachel Atherton wa Uingereza alishinda mashindano yote saba ya Kombe la Dunia la kuteremka, na yeye pia ni msichana wa watu. Akanyamaza. Likizo ya Aprili tukapanda basi.

Kabla sijasema tuliyoyaona, nataka tuelewane kwanza: baiskeli ya mashindano ya kuteremka ni ipi? Katika mashindano hayo waendeshaji huachiwa mmoja mmoja, na saa ndiyo mwamuzi. Mbio zenyewe ni za dakika chache tu. Baiskeli yake imeundwa kwa dakika hizo, basi. Foku yake hunywea kama sentimita 20 ikipigwa na jiwe, na gurudumu la nyuma nalo karibu vivyo hivyo. Foku imelazwa mbele ili mwendeshaji asipinduke juu ya usukani penye mteremko mkali. Tairi ni nene, breki ni za diski zinazosukumwa na mafuta, na uzito wake ni kama kilo 15 hadi 18. Kiti kiko chini na gia ni chache. Ukitaka kwenda nayo shuleni au sokoni utajuta, maana kila kilima kitakuwa adhabu.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni hili: springi peke yake ni adui. Mwalimu wetu wa fizikia alitufundisha sheria ya Hooke, kwamba springi hubonyea kulingana na nguvu inayoisukuma. Sawa, lakini ikiachiwa, nguvu ile inarudi! Kwa hivyo ndani ya shokabu halisi huwa na mafuta yanayopita kwenye matundu madogo, nayo huituliza ile springi irudi polepole. Baiskeli ya kaka haikuwa na mafuta hayo. Ilikuwa na springi tupu, ikamrudishia kila jiwe alilolikanyaga.

Ikiwa unadhani natia chumvi kuhusu kazi ya shokabu nzuri, msikilize Aaron Gwin wa Marekani. Mwaka 2015 huko Leogang, Austria, cheni yake ilikatika mara tu alipoanza mbio za Kombe la Dunia. Hakuweza kukanyaga pedali hata kidogo, na bado alishinda! Hapo utaona kwamba baiskeli nzuri ya kuteremka huhifadhi mwendo, nao mwendeshaji stadi hujua kutoupoteza.

Lakini tusidanganyane kuwa mashine ndiyo kila kitu. Mwaka 2013 mashindano ya ubingwa wa dunia yalifanyika hapa hapa Afrika, Pietermaritzburg, Afrika Kusini. Njia ya pale ina sehemu ndefu ya kukanyaga pedali, hivyo baiskeli nzito yenye kunywea ovyo ingemchosha mtu bure. Greg Minnaar, mzaliwa wa mji huo huo, alipata pancha akikaribia mwisho, akavumilia, akashinda kwa chini ya nusu sekunde. Funzo langu ni kwamba baiskeli haipimwi dukani, hupimwa kwa njia itakayopita na kwa mtu atakayeipanda.

Tukirudi Mombasa, baiskeli tuliyoonyeshwa ilikuwa halisi, sikatai. Moyo wangu mwenyewe ulidunda nilipoiona. Hata hivyo, niliikagua jinsi nilivyojifunza. Kwanza nilibonyeza foku kwa uzito wangu wote, nayo ikarudi taratibu. Vizuri. Pili, nilifunga mpira wa kufungia pesa kwenye nguzo ya foku, kaka akapanda na kutulia, akashuka. Mpira ulikuwa umesukumwa karibu theluthi moja ya mwendo wa foku, kama inavyotakiwa. Vizuri tena. Tatu, nilishika kiti nikainua baiskeli polepole. Maungio ya nyuma yalicheza, ko! ko! Nne, niliipangusa shokabu ya nyuma kwa kitambaa cheupe, nacho kikatoka na mafuta. Tano, nilishika breki ya nyuma, mkono ukazama kama unaoshika sponji.

"Hayo ni madogo, fundi atarekebisha," akasema muuzaji.

Nikamwuliza kwa heshima, "Mzee, vipuri vya shokabu hii tutavipata wapi?"

Alikuna kichwa, akasema labda viagizwe ng'ambo. Alitaka shilingi 60,000, yaani kaka angebaki na 5,000 mfukoni bila hata helmeti. Nilimshika mkono nikamwambia, "Kaka, tuiache." Alinikasirikia kwelikweli. Kutoka Mombasa hadi Voi hakunitamkia neno hata moja. Tulipofika Voi aliniuliza tu, "Sasa mimi nitashindana na nini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Jibu langu ni kwamba njia yetu ya kijijini ni fupi, na ina vilima viwili vya kukanyaga pedali katikati. Baiskeli ya kawaida ya milimani, yenye foku nzuri mbele tu, fremu isiyo na ufa na breki mbili zinazoshika, inatosha kabisa. Kwa njia hiyo, baiskeli ya sentimita 20 ni kama kuazima tingatinga kwenda kulima bustani ya sukuma wiki. Siku tutakapopata mteremko mrefu, fundi wa shokabu na vipuri, mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kumshauri ainunue.

Wapo wanafunzi wenzangu watakaosema nimemnyima kaka ushindi. Haya, na waseme. Mimi nilikesha naye hospitalini, wao hawakuwapo. Wapo pia wazee wanaotaka mbio zetu zipigwe marufuku kabisa. Kwao pia nasema hapana, maana kijana aliyekatazwa mchana atateremka usiku. Ninalopendekeza ni rahisi: kabla ya mbio, kila baiskeli ikaguliwe na fundi, na yeyote asiye na helmeti ya kufunika uso na breki mbili asiruhusiwe kuanza, hata kama ni mtoto wa chifu.

Kaka alikaa kimya siku nne. Siku ya tano alirudi kutoka mjini na helmeti, kinga za magoti, na foku ya mitumba isiyovuja ya kutia kwenye baiskeli yake ya zamani. Aliiweka ile foku mbele yangu, akanipa mpira wa kufungia pesa, akasema, "Haya, fundi, pima."

Kalamu yangu inataka kupumzika. Desemba i karibu, na mimi nitasimama pale penye jiwe la tatu kumshangilia. Mwenye macho haambiwi tazama.