Acheni kuosha chujio la samaki!

Kila mwisho wa mwezi hapa Eastlands ni msimu wa pikapu. Simama kando ya barabara Donholm au Umoja utaona maisha ya watu yakipita: makochi, magodoro, mtungi wa gesi, na siku hizi tangi la samaki la sentimita 120 likiwa limefungwa kwa mablanketi. Samaki wako ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20. Chujio liko juu ya meza, limeoshwa likatakata kama sufuria ya Krismasi.

Hilo chujio linalong'aa ndilo linalonifanya nigombane na watu leo.

Ushauri unaozunguka mtaani ni huu: "Unahama? Mwaga maji yote, osha changarawe, sugua chujio mpaka sponji irudi rangi yake, kisha anza upya." Nilipokuwa nahama Buruburu kwenda Kayole, muuzaji mmoja wa samaki alinishauri hata niongeze jiki kidogo. Sikumsikiliza, na samaki wangu bado wako hai. Wengi husikiliza. Siku ya tatu au ya nne samaki wanahema juu ya maji, siku ya saba wanaelea, na mwenyewe anaambiwa eti "walishtuka na safari". Kisha anarudi kwa muuzaji yuleyule kununua wengine.

Jamani, safari haikuwaua. Usafi ndio uliowaua.

Tuelezane taratibu. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, hata siku ambayo hajala. Amonia ni sumu. Ziwani inapotea katika maji mengi, lakini ndani ya tangi la lita 230 haina pa kwenda. Kinachowaokoa samaki ni bakteria. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi lingine hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa, na wewe unaipunguza kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hawa hawaogelei ovyo majini. Wanajishika kwenye vitu: changarawe, kioo, na zaidi ya yote kwenye sponji ya chujio, mahali maji yenye chakula na oksijeni yanapopita mchana na usiku. Ule utelezi wa kahawia unaousugua kwa brashi ndio wafanyakazi wenyewe.

Haya si mambo ya juzi. Sergei Winogradsky wa Urusi aliwatenga bakteria wa aina hii miaka ya 1890. Kwa miongo mingi vitabu vya samaki viliwataja Nitrobacter kuwa ndio wanaoondoa nitriti, hadi Timothy Hovanec na wenzake walipoonyesha mwaka 1998 kwamba katika matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa hasa na Nitrospira. Mwaka 2015 timu mbili zilichapisha katika jarida la Nature habari za Nitrospira wanaoweza kufanya hatua zote mbili peke yao, na timu moja iliwapata katika chujio la mfumo wa kufugia samaki. Yaani watafiti wanapekua machujio kutafuta kile ambacho sisi tunakimwaga kwenye mtaro.

Sasa niseme kwa lugha ya kazi yangu. Kioo ni mashine tu, fundi atakutengenezea kingine wiki hii. Chujio ndilo hifadhidata. Tangi jipya huhitaji kama wiki 4 hadi 6 kabla bakteria hawajatosha kubeba samaki wake. Umewahi kumwona mtu anahamisha seva kwa kufuta data ya wateja wote ili mashine mpya "ianze ikiwa safi"? Angefutwa kazi kabla ya chai ya saa nne. Lakini tukifika kwa samaki, kosa hilohilo tunaliita usafi.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

"Chujio linanuka na limejaa matope." Sawa, likamue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe. Uchafu utatoka, bakteria wengi watabaki wameshika sponji. Usilipeleke kwenye mfereji. Maji yetu ya Ndakaini husafishwa Ngethu na kutiwa klorini makusudi ili iue vijidudu. Kwa tumbo langu nashukuru sana. Lakini klorini haichagui mdudu wa kipindupindu ikamwacha mfanyakazi wako.

"Mimi nilibeba maji yote ya zamani." Pole kwa mgongo. Umepandisha mitungi kumi hadi ghorofa ya nne, na chujio umelisugua! Maji ya zamani yanasaidia samaki wasipate mabadiliko ya ghafla, na theluthi moja ni mwanzo mzuri. Bakteria wa kutosha hawamo humo.

"Nitanunua bakteria wa chupa." Nunua ukitaka. Lakini chupa iliyokaa miezi kwenye rafu yenye joto huenda haina kitu kilicho hai, na wewe tayari unao wa bure.

Kinachonishangaza ni kwamba uzito watu wanaujadili wiki nzima. Ni haki yao: tangi la ukubwa huo likijaa, pamoja na kioo na changarawe, linapita kilo 300, na mwenye nyumba ana sababu ya kuuliza litakaa wapi. Liweke kando ya ukuta unaobeba jengo, si katikati ya sebule, na kama unaitilia shaka sakafu tafuta nyumba ya chini. Lakini baada ya mjadala huo wote, chujio linapewa dakika tano chini ya bomba.

Tena sisi wa Nairobi tuna sababu za ziada za kuwa makini.

Kwanza, hewa. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na katika joto lilelile maji yetu hubeba oksijeni pungufu kwa kama moja ya sita kuliko maji ya Mombasa. Bakteria wanahitaji oksijeni kama samaki. Chujio la kanista likizimwa na kuachwa limefungwa, oksijeni ya ndani huisha kwa saa chache na wanaanza kufa. Nunua pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi, waliokuwa nayo walilala. Kuhama nyumba ni kupotelewa na stima kwa tarehe uliyoichagua mwenyewe, sasa kwa nini ikukute bila pampu?

Pili, maji. Mtaa wa zamani ulikuwa na maji ya kaunti kwa zamu, ploti mpya ina kisima cha kuchimba. Maji ya kisima hayana klorini, lakini mara nyingi yana alkali zaidi, na hapo hesabu inabadilika. Katika nyuzijoto 25, kwa pH ya 7, chini ya asilimia 1 ya amonia iko katika hali ile yenye sumu kali. Kwa pH ya 8 inafika kama asilimia 5. Kwa hiyo jirani yako aliyeosha chujio akaponea si shahidi wa kutegemewa. Huenda aliokolewa na maji ya mfereji. Wewe ukimwiga kwenye ploti ya kisima utazika samaki.

Basi fanyeni hivi:

1. Siku moja au mbili kabla ya kuhama, acha kuwalisha. Hawatakufa njaa.
2. Kama nyumba mpya ina maji ya mfereji, jaza mapipa mapema. Klorini ya kawaida huondoka maji yakikaa wazi siku nzima huku pampu ya hewa ikichemsha mapovu. Ukiwa na haraka, tumia sodiamu thiosalfeti.
3. Chujio lizimwe la mwisho. Toa sponji, uiweke kwenye ndoo ya maji ya tangi, pampu ya betri ndani.
4. Usibebe tangi likiwa na maji wala changarawe. Gundi ya silikoni haikuumbiwa matuta ya barabara zetu.
5. Ukifika, tangi na chujio kabla ya kochi na televisheni. Chujio liwake siku hiyohiyo.
6. Samaki wazoeshe maji mapya kidogo kidogo, hasa kama ni ya kisima. Wiki ya kwanza walishe kwa uchache, pima amonia, na usiongeze samaki wapya.

Hakuna mtambo wa bei mbaya hapo. Ni ndoo, pampu ya betri na kuzuia mkono wako. Wanaosema mpangaji wa Eastlands hawezi kufuga samaki katika tangi kubwa kwa sababu anahamahama wamekosea. Kuhama hakuui, na maji mengi hata huvumilia makosa kuliko bakuli la mezani. Kinachoua ni ule ushauri wa dukani ambao kila ukifuatwa unamletea muuzaji mteja mwingine.

Mwenye kubisha na aje na hoja. Brashi aiache nyumbani.