Matone chini ya kamyo yetu



Juma lililopita niliahidi kuandika juu ya kunyonyesha wakati wa kiangazi. Mtanisamehe, hiyo itakuja. Juma hili nataka kusema juu ya kamyo, kwa sababu wamama wa vikundi vitatu wameniuliza kama ni kweli tulitaka kumfukuza shofere wetu kwa ajili ya mafuta. Ndiyo, ni kweli, na mimi ni mmoja wa waliotaka.

Mnajua ile kamyo yetu ndogo. Ni ya zamani, na imekwisha kufanya kazi kwa watu wengine kabla ya kuja kwetu. Tuliinunua kwa feza ya likelemba, kidogo kidogo. Inakwenda Mugogo siku ya soko kubeba maharage, mihogo na viazi, inarudi Bukavu, inashusha Kadutu. Kwa wengine wetu ndiyo shamba, ndiyo mume.

Mwanzo wa mvua tuliona doa chini yake kwenye parseli inamolala. Dogo tu, kama la mtoto aliyemwaga chai. Mama mmoja alisema ni mawese ya bido iliyovuja kwenye sanduku la kamyo, na kweli tulikuwa tumebeba mawese, basi tukamwaga mchanga juu yake na kulala. Kisha shofere akaanza kuomba feza ya mafuta ya bwati ya vitesi, juma hili litra moja, juma lingine moja na nusu. Mimi ndiye ninayeandika kitabu. Mara ya nne mkono wangu ukakataa kuandika. Tangu lini gari linakunywa mafuta ya bwati kama mazutu? Mafuta ya masheni, sawa, masheni ya zamani huyachoma. Lakini bwati ya vitesi haichomi kitu. Mafuta yakipungua mle ndani, ama yametoka chini, ama yameuzwa.

Sisi tukachagua neno la pili. Katika mkutano wa siku ya posho alisimama mbele yetu akishika kofia yake, baba wa watoto sita, na hakuna aliyemwambia keti.

Aliyemwokoa ni mama yetu mkubwa, yule ambaye marehemu mume wake alikuwa mekanisie. Aliuliza jambo moja tu: nani kati yenu ameangalia chini ya kamyo? Hakuna. Tulikuwa tumeangalia kitabu.

Lakini hata tulipokubali kwamba inavuja, mambo hayakuisha. Garaji ya kwanza walibadilisha spi ya nyuma, ile duara ya mpira inayozuia mafuta pale kardani inapotoka kwenye bwati. Tukalipa. Majuma mawili, doa likarudi. Tukarudi, wakabadilisha tena, wakasema spi ya kwanza ilikuwa ya kuiga. Tukalipa tena. Siku kumi, doa. Hapo feza ya karo ya watoto ilikuwa imeanza kuguswa, na mlimani kamyo ilianza kulia kama mtu anayeumwa meno, na vitesi ya tatu ikawa ngumu kuingia. Bwati ikikauka, meno yake hulana. Ikikwama kwenye mteremko, na mnajua wamama wanavyokaa juu ya magunia, sitaki kuandika zaidi.

Basi mama mkubwa akamleta mzee mmoja fundi, rafiki wa mume wake, ambaye sasa anatengeneza baiskeli tu. Mzee hakugusa ufunguo. Aliomba kartoni, sabuni ya unga, mazutu kidogo, na pudra ya mtoto. Tulicheka. Mama mmoja alimuuliza kama kamyo imejifungua.

Sikilizeni alichotufundisha, maana hata asiye na gari atapanda la mwingine.

Kartoni kwanza. Itandazwe chini ya gari usiku mzima, na jiwe juu ya kila pembe, na alama ya mbele ni wapi. Asubuhi rangi na harufu vitasema. Nyeusi na nyepesi ni mafuta ya masheni. Ya kahawia, mazito, yenye harufu kali kama yai bovu, ni ya bwati ya vitesi au ya ponti ya nyuma, hizo mbili hufanana. Mekundu na mepesi ni ya usukani, au ya bwati inayojibadilisha yenyewe kama iko hiyo. Maji ya kijani au ya waridi ni ya radiatere. Na kama ni meupe-manjano, yanateleza sana kwenye vidole, inaweza kuwa ya frein: gari hilo halitoki siku hiyo, hata kama maharage yataoza.

Yetu ilikuwa ya kahawia, na ilinuka. Sawa, bwati. Lakini bwati wapi? Hapo ndipo garaji walikosea, na mimi ningekosea vilevile. Walilala chini, wakaona nyuma kumelowa, wakasema ni spi ya nyuma. Mzee alisema gari likitembea upepo unasukuma mafuta nyuma, na kardani inazunguka na kuyatupa kila mahali, kwa hiyo mahali palipolowa zaidi si lazima pawe ndipo panapovuja. Utafute mahali pa juu kabisa na pa mbele kabisa palipo na unyevu. Ni kama nyumba inayovuja: maji yanadondoka juu ya kitanda, lakini bati lililotoboka liko upande wa mlango.

Tukaosha tumbo lote la kamyo kwa mazutu na sabuni, tukalikausha kwa matambaa. (Kabla ya kuingia chini: masheni imezimwa na kupoa, mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Na mtu asilale chini ya gari linaloshikwa na kriki peke yake, hata dakika moja. Mzee alimfukuza kijana wangu kwa ajili hiyo, kwa sauti.) Kisha tukapuliza pudra kila mahali, bwati yote ikawa nyeupe kama keki. Shofere akaiendesha hadi Nyantende na kurudi.

Iliporudi, mzee aliwaita wamama wote waje kuona, mmoja mmoja, kwa tochi. Kwenye pudra, mafuta yanaacha njia kama machozi kwenye uso wenye vumbi. Tuliona njia kutoka kwenye spi ya nyuma. Lakini tuliona nyingine juu, pale fimbo ya vitesi inapoingia. Na nyingine nyembamba mbele, chini ya kifuniko cha ambreyaji.

Mahali patatu! Mimi nikasema tumekwisha, bwati imekufa. Mzee akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alisema spi moja ikizeeka itavuja peke yake, lakini zikilia zote pamoja, kuna kitu ndani kinazisukuma.

Alilegeza polepole bushoni ya ubavuni, ile ya kujazia. Tulisikia pssss, kama soda. Pumzi imefungwa ndani.

Kumbe bwati ya vitesi inapumua. Ikipata moto, hewa ndani inapanuka na lazima itoke, kwa hiyo juu yake kuna kitundu kidogo chenye kofia ya chuma, kisichofika ukubwa wa kifuniko cha soda. Chetu hakikuonekana kabisa. Kilikuwa chini ya udongo mkavu, ule udongo mwekundu wa njia yetu, umeganda na mafuta mpaka umekuwa tofali. Hewa ilikosa mlango wa juu, ikatafuta wa chini, ikayasukuma mafuta mbele yake. Spi mpya, spi ya kuiga, spi ya dhahabu, yote yangevuja.

Alikichokoa kwa waya wa mwavuli, akakiosha kwa esansi, akapuliza kwa mdomo hadi hewa ikapita. Spi ya nyuma ilibidi kubadilishwa mara ya tatu, maana mdomo wake ulikuwa umekwisha kugeuzwa na ile nguvu. Ya mbele, upande wa ambreyaji, alisema tuiache kwanza tuone, kwa sababu kuifikia ni kushusha bwati nzima, na hiyo ni feza nyingine. Ila kama mlimani masheni inapiga kelele na gari haliendi, na kuna harufu ya kuungua, tusingoje: mafuta yamefika kwenye sahani ya ambreyaji.

Kisha akajaza mafuta, na hapo shofere naye alipata somo lake. Kamyo ikiwa mahali palipo sawa, mafuta yanafika kwenye mdomo wa kile kitundu cha ubavuni, basi. Yeye kwa hofu alikuwa akiijaza ikiwa imeinama kwenye parseli yetu, na kupita kiasi. Yaliyozidi nayo yalikuwa yakitafuta njia ya kutoka. Kwa hiyo sehemu ya litra zile ni kosa lake kweli, lakini hakuuza hata tone.

Mkutano uliofuata tulimwita tena. Safari hii alipewa kiti. Mama mwenyekiti alisema maneno ya kuomba radhi, na mimi nikasema yangu, maana kitabu kilikuwa changu. Hakujibu mengi. Aliomba tu kwamba siku nyingine tukiwa na neno, tumwambie yeye kabla ya kuambiana kisimani. Mke wake bado hanisalimii vizuri, na sina la kumlaumu.

Ni juma la tano sasa. Spi ya mbele imekauka yenyewe. Kila siku ya posho jioni kartoni inatandazwa, siku ya Mungu asubuhi inaandikwa tarehe na kutundikwa kwenye ukuta wa depo, pembeni ya orodha ya likelemba. Kila baada ya safari ya matope, kijana wangu anasugua kile kitundu kwa mswaki wa zamani. Ya juma hili iko na tone moja, dogo, jeusi. Hilo ni la masheni. Mzee anakuja siku ya tatu kuliangalia, na nimekwisha kununua pudra.