Nusu Saa ya Moshi Haipashi Injini

Nusu saa ambayo lori la mazutu huachwa likinguruma palepale lilipolala, kabla ya kuondoka Mutwanga au Butembo, mashariki mwa Kongo, haiipashi injini moto. Inaichelewesha kupata moto. Najua kauli hii itawaudhi wengi, maana imani iliyopo ni kinyume chake: kwamba ubaridi unaoshuka usiku kutoka Ruwenzori huingia ndani ya chuma, na dereva anayeondoka mapema anaua mali ya tajiri. Mwenye lori humsifu dereva anayewasha saa kumi na moja na kuondoka saa kumi na moja na nusu, na humwita mzembe yule anayewasha na kuondoka baada ya dakika chache. Ushahidi wa namna injini inavyofanya kazi unasema sifa hiyo anapewa mtu asiyestahili.

Tuanze na baridi yenyewe. Theluji ya Ruwenzori iko juu sana, karibu na kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Mutwanga uko bondeni chini yake, katikati ya mashamba ya kakao, mahali ambapo kakao inastawi kwa sababu hakuna baridi kali. Butembo uko juu zaidi, kupita mita 1,700, na usiku wake hukaribia nyuzi 12. Mtu atavaa koti, ndiyo, lakini kwa injini hiyo si baridi. Kanada au Urusi mazutu huganda na kuziba chujio, na malori hufungiwa vifaa vya umeme vya kupasha moto injini usiku kucha. Kiwango cha kimataifa cha SAE kinaipima oili ya 15W-40, ambayo imejaa kwenye maduka yetu, kama inaruhusu injini kuzunguka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Oili iliyotengenezwa kwa hali hiyo haiwezi kushindwa na asubuhi ya Butembo. Baada ya kuwasha, geji ya oili hupanda kwa sekunde chache, na hiyo ndiyo dalili kwamba oili imefika inakotakiwa.

Moto wa injini unatokana na kazi. Injini ya mazutu haina plagi za cheche. Huibana hewa mpaka iwe ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yanayonyunyizwa na nozeli. Inaponguruma bila mzigo, mafuta yanayoingia ni kidogo sana na hewa ni nyingi, kwa hiyo joto linalozalishwa ni dogo, na sehemu yake kubwa hutoka na moshi. Maji ya kupoza injini yanaweza kukaa muda mrefu chini ya nyuzi 80 zinazotakiwa. Wakati huohuo mafuta yasiyoungua vizuri huteleza kwenye kuta za silinda, huosha utando wa oili unaozilinda, kisha hushuka na kuipunguzia nguvu oili iliyoko chini. Masizi huziba matundu ya nozeli na kuzikamata ringi za pistoni. Haya si maneno yangu peke yangu. Vitabu vya Cummins kwa waendeshaji huwaagiza wasubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kubebesha injini mzigo, na huwaonya kwamba kuiacha ingurume zaidi ya dakika 10 kunaweza kuiharibu kwa sababu hizohizo. Kinachoila injini asubuhi ni muda inaoutumia ikiwa baridi, na kungoja kunaurefusha muda huo.

Wazee wa usukani watajibu kwamba walifanya hivyo miaka mingi na malori yao yalidumu. Sibishani na uzoefu wao. Wengi walianza kazi wakati oili ilikuwa ya namba moja, kama SAE 40, nzito kweli asubuhi, na baadhi ya malori yalikuwa ya petroli yenye kabureta ambayo yaligoma mpaka yapate moto. Desturi yao ilikuwa na sababu. Sababu imeondoka, desturi imebaki. Wengine watataja breki za upepo, na hapo wana haki kamili: hakuna anayeruhusiwa kuliondoa lori kabla matangi ya hewa hayajajaa. Lakini mfumo mzima hujaa kwa dakika chache. Kama wako unataka nusu saa, una bomba linalovuja au kompresa iliyochoka, na lori hilo linahitaji fundi kabla halijaanza kuteremka mlima na tani zake. Hoja ya tatu ni mzigo na kupanda. Jibu lake ni ukanyagaji: kilomita za kwanza uende taratibu, gia ndogo, mizunguko ya wastani, bila kulisukuma turbo mpaka sindano ya joto ipande. Hapo injini inapata moto haraka, na pamoja nayo gia boksi, difu na tairi, vitu ambavyo kunguruma papo hapo hakuvigusi kabisa.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mara nyingi kungoja huko kunaficha ugonjwa. Wapo wanaoacha injini iwake kwa sababu betri imekufa au stata ni dhaifu, na wanaogopa haitawaka tena, hasa pale msafara wa kusindikizwa na wanajeshi unaposubiriwa kwenye barabara ya Beni–Komanda. Hofu hiyo naielewa. Dawa yake ni betri. Wapo pia walioing'oa termostati ili injini isichemke mlimani. Bila termostati maji huzunguka kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza, na injini hukaa baridi safari nzima kwenye tambarare. Mtu aliyeitupa termostati kisha akapasha lori nusu saa kila asubuhi anatibu kwa mkono mmoja na kujeruhi kwa mwingine.

Gharama yake inahesabika. Lori kubwa likinguruma bila kazi hunywa karibu lita 3 kwa saa. Nusu saa ni lita moja na nusu. Kwa asubuhi 300 za mwaka ni lita 450, na kwa mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori kumi ni lita 4,500, bila gunia moja kusogea hata hatua. Na moshi hauendi mbali: unaingia kwenye nyumba zinazozunguka maegesho, watoto wakiwa bado wamelala. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliutangaza moshi wa mazutu kuwa chanzo cha saratani kwa binadamu. Ujerumani, nchi yenye majira ya barafu, sheria ya barabarani inakataza kuiacha injini ingurume bila sababu. Ikiwa huko hairuhusiwi, sisi tulio karibu na mstari wa ikweta tunajitetea kwa baridi gani?

Wenye malori ndio wenye uwezo wa kuimaliza desturi hii, kwa sababu dereva hufanya kile anachosifiwa kwacho. Mwambieni awashe, atazame geji ya oili, azunguke lori akikagua tairi, taa na kamba za mzigo huku hewa ya breki ikijaa, kisha aondoke polepole. Pesa za lita 450 mzitumie kununua termostati, betri nzuri na oili safi. Lori litadumu zaidi, na jirani atapumua.